Hatua Mia Moja na Arobaini

Tunaandika habari hii tukiwa watumishi wa usharika mmoja wa Kilutheri katika mji mdogo wa kaskazini mwa Tanzania: mchungaji, mwinjilisti na wazee wa kanisa. Aliyeshika kalamu ni mchungaji, lakini kosa tutakalolisimulia ni letu sote, na ndiyo maana tunasema "sisi". Mji hatuutaji, wala mtoto, wala ofisi yoyote. Familia bado inaomboleza, na watu wa ofisini ni majirani zetu.

Mbele ya kanisa letu unapita mtaro. Unateremka kutoka kwenye mashamba ya migomba na kahawa, unapita nyuma ya soko, unafuata ukingo wa barabara ya vumbi hadi kwenye kalavati lililo chini kidogo ya geti letu, kisha unavuka barabara na kuelekea bondeni. Wakati wa kiangazi mtaro huo ni njia ya mkato ya watoto na kuku. Wakati wa masika ni mto.

Masika moja, Jumatano alasiri, mtoto wa darasa la tatu alikuwa akirudi kutoka shule pamoja na wenzake. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Kalavati lilikuwa limeziba, maji yakarudi nyuma na kufurika barabarani, hata ukingo wa mtaro haukuonekana tena. Wenzake waliruka wakavuka. Yeye akakanyaga mahali pasipo na ardhi. Vijana walimkuta saa moja usiku kwenye mdomo wa kalavati, kati ya matawi na viroba vya taka. Alikuwa mtoto wetu wa Shule ya Jumapili. Siku nne kabla alikuwa amesimama mbele ya usharika na wenzake, akiimba.

Ijumaa tulimzika. Tulisoma habari za Ayubu alipofiwa na watoto wake, tukahubiri juu ya Bwana anayetoa na anayetwaa. Tukasema yale ambayo sisi wahubiri husema tukikosa la kusema: ni mapenzi ya Mungu, na kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitikia amina. Tukaweka mashada, tukala chakula cha msiba, tukarudi nyumbani.

Siku ya tatu baada ya mazishi tulikwenda kuifariji familia. Bibi wa mtoto, mama aliyekuwa akimlea, alitukaribisha na kututafutia viti. Tulipomaliza kuomba alituuliza kwa sauti ya chini, bila hasira.

"Mchungaji, mvua ile Mungu ameinyesha, sikatai. Lakini lile kalavati, ni Mungu ndiye aliyeliziba?"

Hatukuwa na jibu. Tulisema tutaendelea kuomba, tukaaga. Njiani hakuna aliyezungumza.

Swali hilo lilituondolea usingizi kwa sababu jibu lake tulilijua. Mungu hakuliziba kalavati. Lilizibwa na watu, na watu wengine waliokuwa na wajibu wa kulizibua hawakulizibua. Sisi nasi, tuliopita juu yake kila siku tukienda ibadani, hatukulisemea. Halafu tulisimama kaburini na kumbebesha Mungu mzigo uliokuwa wetu. Hakuna mtu wa halmashauri aliyehitaji kujitetea siku ile, kwa sababu mchungaji alikuwa amekwisha kumtetea.

Wiki iliyofuata baraza la wazee lilikutana. Tulifungua Kumbukumbu la Torati sura ya 21, agizo ambalo wengi wetu hatukuwahi kulihubiri. Linasema hivi kwa ufupi: akionekana mtu ameuawa kondeni na haijulikani ni nani aliyemuua, wazee na waamuzi watoke, wapime umbali kutoka kwenye maiti hadi miji inayouzunguka. Wazee wa mji ulio karibu zaidi ndio watakaoteremka na ndama jike hadi bonde lenye maji yasiyokauka, wanawe mikono yao pale, na kutamka mbele za Bwana kwamba hawakuimwaga damu hiyo. Torati haikuruhusu kifo kipite hivi hivi kwa kuwa mhusika hajulikani. Wazee walitakiwa waende pale pale, wapime, kisha wajibu.

Mzee wetu mmoja, aliyefanya kazi za ujenzi wa barabara kabla ya kustaafu, alifunga Biblia yake akasema, "Basi na sisi twende tukapime."

Wengine walidhani anatania. Hakuwa akitania. Tulitoka tukiwa tisa, tukaanzia kwenye kalavati, naye akahesabu kwa hatua zake. Hadi ofisi ya serikali ya mtaa: hatua mia tatu na kumi. Hadi soko: hatua mia mbili na sitini. Hadi mlango wa kanisa: hatua mia moja na arobaini. Tulisimama pale mlangoni tukitazamana. Kwa kipimo cha Torati, mji uliokuwa karibu zaidi na mtoto yule ulikuwa ni sisi.

Jumamosi vijana walishuka na makoleo, majembe na glavu. Walitoa viroba vya taka za soko, tairi, magodoro yaliyochakaa, chupa za plastiki zisizo na idadi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kuanzia Juni 1, 2019, lakini ile ya zamani ilikuwa bado imejaa humo, kama kwamba udongo wenyewe uliiweka akiba. Katikati ya yote kijana mmoja alivuta kitu kirefu, akakikunjua, akanyamaza. Lilikuwa bango la sikukuu yetu ya mavuno, lenye jina la usharika kwa herufi kubwa. Ndani yake zilifungwa sahani na vikombe vya plastiki tulivyotumia siku ile. Baada ya ibada na mnada, mtu wetu alifunga taka zetu vizuri, akazitupa mtaroni.

Hapo ndipo tulipoanza kuikumbuka Katekisimo Ndogo tuliyokariri tukiwa darasa la kipaimara. Katika maelezo ya Amri ya Tano, Luther hakuishia kwenye kisu na rungu. Alifundisha kwamba amri hiyo inatutaka pia tumsaidie jirani na kumfaa katika mahitaji yote ya mwili wake. Maana yake, anayeona shimo na kulipita kimya hajaitimiza Amri ya Tano hata kama hajawahi kumpiga mtu kofi. Nayo Torati, katika Kutoka sura ya 21, inasema aliyefunua shimo bila kulifunika atalipa ng'ombe atakayetumbukia humo. Ikiwa ng'ombe anadaiwa, mtoto je?

Ilitubidi kuungama na jambo jingine, nalo ni zito zaidi kwetu kuliko lile bango. Miezi minane kabla ya msiba tulifanya harambee ya kuezeka nyumba ya mchungaji. Mgeni rasmi alikuwa kiongozi katika halmashauri, na alitoa mabati kwa moyo mweupe. Hatumlaumu kwa ukarimu wake. Lakini tuliporudia kumbukumbu za vikao vyetu tuliona kwamba kabla ya harambee, suala la mtaro lilikuwa ajenda inayojitegemea. Baada ya harambee likashushwa hadi kwenye "mengineyo", na katika mengineyo muda uliisha kila mara. Hakuna aliyetuambia tunyamaze. Tulijinyamazisha wenyewe, chini ya mabati yasiyovuja.

Jumapili iliyofuata tulisimama mimbarani na kuuambia usharika kwamba tulichosema kaburini hakikuwa kweli yote. Mungu alimpokea mtoto yule, hilo tunaliamini na tutalifia. Lakini kupokewa na Mungu si sawa na kutumwa na Mungu kwenye kalavati lililoziba. Tuliomba radhi mbele ya bibi yake, aliyekuwa ameketi benchi la tatu. Hakulia. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Toba ikikaa kanisani bila kutoka nje huwa ni pambo tu. Kwa hiyo tulianza kuuliza maswali, na hapo mapingamizi yalianza, mengine kutoka kwa waumini wetu wenyewe. Walisema kanisa linaingia kwenye siasa. Tuliwasikiliza, maana hofu yao ina msingi: mchungaji akigeuza mimbari kuwa jukwaa la chama, amewaibia watu Neno. Lakini kuuliza kalavati litazibuliwa lini si kampeni. Tulifundishwa chuoni, nasi tuliwafundisha waumini, kwamba Mungu anautawala ulimwengu kwa mikono miwili: kwa Injili ndani ya mioyo, na kwa serikali katika mambo ya mwili na amani. Kama serikali ni mkono wa Mungu, basi kuitaka itende kazi yake ni kuiheshimu. Anayeidharau ni yule anayesema, "Hawa tumewazoea, waacheni."

Tena kila siku tunaomba mkate wetu wa leo, na Katekisimo inatueleza kwamba ndani ya mkate huo mna serikali njema, hali ya hewa nzuri na majirani waaminifu. Tumeliomba jambo hilo maelfu ya mara. Ni ajabu kuona aibu kuliulizia kwenye mkutano wa mtaa.

Nchi yetu pia imetuachia mlango wazi. Katiba, katika Ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, inamruhusu kuidai haki hiyo, na inamwekea pia wajibu wa kuyalinda. Haki na wajibu vimeandikwa pamoja, kama ilivyo katika Maandiko.

Na wapo waliotutangulia. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliochoshwa na moshi, harufu na nzi wa dampo lililokuwa katikati ya makazi yao, waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu. Mahakama iliamuru dampo lisitumike tena. Halmashauri ikarudi kuomba iongezewe muda, na ikarudi tena, huku taka zikiendelea kumwagwa. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira aliikatalia, akiegemea haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Wanaosoma sheria wanaikumbuka kesi ile hadi leo.

Lakini habari haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyotugusa. Taka zilipoondoka Tabata zilipelekwa Kunduchi Mtongani, na huko nako waliishi watu. Wakazi wa Kunduchi nao ikawabidi waende mahakamani, nao wakashinda. Tulijiuliza: tunataka kalavati lizibuliwe ili maji na uchafu viende wapi? Chini yetu, bondeni, wako watu, wengi wao wapangaji wa vyumba vya bei nafuu. Wengine ni waumini wetu. Hatukuwa tumewauliza.

Kwa hiyo tulipokwenda kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa tulikwenda na watu wa bondeni, Wakristo na Waislamu, pamoja na wafanyabiashara wa soko. Tuliuliza maswali matatu: kalavati ni jukumu la nani, limetengewa kiasi gani katika bajeti, na kazi itaanza lini.

Mtendaji alisimama. "Mchungaji, mambo haya tunayafanyia kazi. Tuachieni sisi, ninyi mtuombee."

Mzee wetu, yule wa hatua, aliinua mkono. Mtendaji akamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuwaombea tunawaombea kila Jumapili, tena kwa majina ya vyeo vyenu. Ila mtu akiomba hufumbua macho baadaye aone kama amejibiwa. Sisi tumekuja kufumbua macho."

Watu walicheka, hata mtendaji mwenyewe. Kisha alifanya jambo ambalo hatukulitarajia: alituomba tufike ofisini kesho yake. Huko alifungua faili. Tulikuwa tumetangaza huku na huko kwamba tumeandika barua nyingi zikapuuzwa. Katika faili ilikuwamo barua yetu moja tu, ya miaka miwili nyuma. Nyingine tulizisema kwa mdomo, au tulizikusudia. Amri ya Nane ilituhukumu pale pale: tulikuwa tumemsingizia jirani. Nayo barua ile moja ilimhukumu yeye, kwa sababu ilikuwa na muhuri wa kupokelewa, lakini haikuwa na alama yoyote kwamba ilisogea kutoka meza ile kwenda nyingine. Alikiri. Alituonyesha pia kwamba kata nzima ilitegemea gari moja la taka, ambalo mara nyingi lilikuwa gereji, na kwamba kaya nyingi hazilipi ada ya taka. Tuliangalia orodha. Wazee wawili wa kanisa walikuwamo. Walilipa wiki ile.

Tangu siku hiyo tulijifunza kwamba kuwajibishana ni kazi ya polepole na ya karatasi. Tuliandika barua kwa mtendaji, nakala kwa diwani na kwa mkurugenzi. Tulidai namba ya kumbukumbu. Kila baada ya wiki mbili mzee mmoja na mama mmoja walikwenda kuuliza barua imefika wapi, wakaandika jina la cheo cha aliyewajibu na alichosema. Yule mjane wa Luka 18 hakuwa na silaha nyingine mbele ya kadhi dhalimu isipokuwa kurudi, na Bwana Yesu alimfanya mfano wa kuomba. Pengine tulikuwa tukimhubiri nusu: tulisifu magoti yake tukaisahau miguu yake.

Mhandisi alikuja mwezi wa tano wa safari hizo. Alipima, akasema waziwazi kwamba kalavati lile lilijengwa wakati nyumba ni chache na sasa ni dogo kwa maji ya leo. Kabla ya masika yaliyofuata lilizibuliwa, kingo zikawekewa nguzo za zege na vyuma vya kushikilia, ili mtoto aone mtaro unapoishia hata barabara ikifurika. Kulipanua kumeingizwa kwenye bajeti. Hadi tunaandika haya halijapanuliwa. Bondeni maji bado yanaingia kwenye vyumba viwili vya chini mvua ikizidi, na ajenda hiyo haijafungwa. Tunayasema haya ili mtu asidhani tunasimulia ushindi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukuziba, na ukuta tunaoujenga sasa hauwezi kumrudisha mtoto.

Hapa kanisani mambo matatu yamebadilika. Kwanza, sikukuu zetu hazitumii tena sahani za kutupa, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya usafi, tunaanzia kwenye kalavati, si kwenye maua ya kanisa. Pili, baraza la wazee limekubaliana kwamba mgeni rasmi akitoka serikalini, atapewa shukrani kwa mchango wake na pia orodha ya maswali ya wakazi, siku hiyo hiyo. Kiongozi wa yale mabati alikuwa wa kwanza kupokea orodha. Alikunja uso, kisha akaisoma. Tatu, katika Sala ya Kanisa hatuombi tena kwa jumla tu. Tunamtaja mtendaji, mhandisi, dereva wa gari la taka, na tunalitaja kalavati. Baada ya ibada, kwenye matangazo, mzee mmoja anaeleza kilichofuatiliwa wiki hiyo. Nasi tunasoma mapato na matumizi ya usharika kila robo mwaka bila kusukumwa, maana hatuwezi kumdai jirani hesabu tunayoificha sisi.

Bibi yake mtoto anapita pale kila Jumapili. Mara nyingine husimama, akashika chuma cha ukingo, akatazama chini, kisha akapanda kuja ibadani. Hajatuuliza tena swali lile. Sisi ndio tunaojiuliza kila tunapotakiwa kuhubiri msibani: hili ni mapenzi ya Mungu, au ni kazi tuliyoiacha?

Ndugu msomaji, huenda kwenu si kalavati. Huenda ni kisima kilichochanganyika na maji ya choo, daraja la mbao lililooza, au korongo linalosogea kila mvua kuelekea uwanja wa shule. Usingoje pawe na maiti ndipo upime. Toka leo na wazee wako, simama pale palipo na hatari, na hesabu hatua hadi ofisi ya mtaa, hadi sokoni, hadi mlango wa kanisa lako. Kisha mwombe Mungu, na kesho asubuhi uende ukaulize. Bwana atupe midomo isiyonunuliwa na miguu isiyochoka kurudi. Amina.